Mpira Ulioganda Hewani

Kaka yangu alikuwa ameshachukuliwa na Mto Mara, na msimu mzima wa mvua umepita, nilipomsikia sokoni Tarime akicheka. Nilikuwa nimeinamia belo la mitumba, natenga mashati ya wanaume, na kicheko chake kikatoka nyuma yangu, kile cha kukohoa kidogo mwishoni. Sikugeuka. Watu husema ukiitwa kutoka nyuma na mtu ambaye unajua hayupo, usigeuke wala usiitike. Mimi ambaye huwacheka wanaosema hivyo nilibaki nimeinama na shati mkononi, mpaka nikasikia filimbi na kelele za uwanja, kisha sauti yake ikisema, "Sasa tazameni, wanaingia iritongo." Hapo nikajua ni banda la video la jirani, wamefungua filamu yake.

Kaka alikuwa mtafsiri wa filamu. Ninyi mliozoea king'amuzi chumbani huenda hamjui kazi hiyo. Mtafsiri hukaa na maiki pembeni ya televisheni, picha inasema Kiingereza, naye anasema Kiswahili juu yake, kwa sauti za wote: mwanamume, mwanamke, polisi na mbwa. Kiingereza chake kilikuwa cha mpakani Sirari, cha kununulia na kuuzia. Asipoelewa alitunga, na nadhani alitunga vizuri kuliko walioiandika filamu yenyewe. Sauti yake iliingizwa kwenye diski na flashi, ikasambaa katika mabanda yote kuanzia kwetu Nyamisangura mpaka kwenye minada ya Serengeti.

Filamu iliyompa jina ilihusu fainali ya mpira wa Wamarekani, ile wanayoiita Supaboli. Hakuna aliyewahi kuuona mpira wa namna hiyo. Si wa duara, ni wa kahawia na umechongoka pande mbili, hawaupigi mguu ila kwa nadra, wanaukumbatia kifuani na kukimbia nao, kisha wanaangushana wote chungu nzima. Kaka aliitazama filamu hiyo mara nyingi nyumbani, sauti ameizima, ananyonya meno. Siku moja akasema ameelewa. Ule si mpira, ni ndama. Wenye jezi nyeupe wameibiwa ndama wao na wanamrudisha bomani, wenye jezi nyeusi wanawazuia njiani.

Tangu siku hiyo mambo yote yalikaa sawa. Kila wachezaji walipoinamiana vichwa kwa duara kabla ya kuanza tena, kaka alisema wameingia iritongo, yaani baraza la wazee la Wakurya. Sisi ni Wajaluo, lakini watazamaji wake wengi walikuwa Wakurya, na ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Waamuzi wenye mistari myeusi na myeupe aliwaita askari wa hifadhi. Mwamuzi akirusha kile kitambaa cha njano, kaka alisema amepokea habari ya msiba, katupa leso. Watu wazima walitikisa vichwa kwa huruma.

Kuna mengine hayakuchekesha. Wale wachezaji hawana nyuso, wana kofia ngumu na vyuma mdomoni, na picha ikikaribia unaona giza tu na pumzi inayotoka. Kaka alisema wamefunikwa nyuso ili waliokufa wasiwatambue. Kocha mwenye visikilizio masikioni, anayeongea peke yake huku anatembea pembeni ya uwanja, kaka alisema anazungumza na waliotangulia, maana wao ndio wanaoona ndama apite wapi. Alipofika hapo alishusha sauti, na banda zima, mchana kweupe nje, lilinyamaza hata ukasikia bati likilia kwa jua. Nilimwambia anatisha watoto wa watu. Akanijibu kwamba watoto wanalipa kiingilio ili watishwe.

Mama yetu aliipenda filamu hiyo kwa sababu ya mama wa mle ndani. Mchezaji mkuu ana mama yake, mjane kama wetu, na mama huyo haendi uwanjani. Anabaki jikoni kwake anatazama fainali kwenye televisheni ndogo, mikono ina unga. Karibu na mwisho mwanawe anaikaribia kamera, anavua kofia, kwa mara ya kwanza tunamwona uso, na anasema kitu. Kaka alikitafsiri hivi: "Mama, fungua mlango, nakuja." Mama yetu, aliyekuwa akikaa benchi la mbele na kanga yake, aliitikia kila mara kwa sauti: "Uko wazi." Banda zima lilicheka, na kaka alicheka kwenye maiki, kile kicheko cha kukohoa. Ndicho kicheko nilichokisikia sokoni.

Baada ya hapo mpira unarushwa. Unapanda juu sana, taa za uwanja ziko nyuma yake, theluji inaanguka, na wote uwanjani wanainua vichwa. Hapo picha inaganda. Diski ya kaka ilikuwa na mkwaruzo, na kopi zote za Tarime zilitokana na diski ile, kwa hiyo ziliganda zote mahali pamoja. Mpira unabaki hewani. Kaka akiwepo alimalizia kwa mdomo, leo ndama kafika, kesho kanyang'anywa, kutegemea watazamaji wamelipaje. Akiwa hayupo, watu waliukodolea macho mpira ule mpaka mwenye banda akazima.

Asubuhi aliyoondoka mara ya mwisho alikuwa na furaha ya kitoto. Alimwambia mama kuwa amepata Sirari diski nzima isiyo na mkwaruzo, anakwenda Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, kuitafsiri upya kwenye banda la mama mmoja wa huko. "Nikirudi utauona mwisho," alisema. Alivaa fulana yake ya kazi, niliyomtolea kwenye belo langu, imeandikwa mabingwa wa fainali hiyo hiyo, na mwaka. Tulikuwa tumepata mbili za kufanana, moja nikabaki nayo. Mteja mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka aliitazama akacheka sana. Alisema timu hiyo mwaka huo ilifungwa. Eti fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili kabla ya mechi, na za walioshindwa hutupwa kwetu huku. Kaka alisema hiyo ndiyo safi, kwamba huku kwetu wameshinda. Mimi sikuipenda tena ile fulana.

Alitafsiri Busawe mchana, mvua ikinyesha. Jioni mapema alipanda bodaboda kurudi nyumbani, na badala ya kuzunguka darajani wakapita kivukoni, ndani ya maji, kwa sababu mto ulionekana bado mdogo. Maji ya mvua iliyonyesha juu yakawakuta katikati. Dereva alishika mti. Ndiye aliyekuja kutueleza, amevimba macho, kwamba alimwona kaka akienda na maji, mkono mmoja juu. Tulitafuta kando ya mto mpaka tukachoka. Mto Mara una mamba, na sitaki kuongeza neno.

Mama alimsikiliza dereva mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akasema, "Umemwona akienda. Hukumwona akifa." Kuanzia siku hiyo mlango wetu haukufungwa kwa komeo tena. Nyamisangura ni mtaa wa watu na maduka, na wezi nao wanaishi palepale kama wapangaji wengine. Niligombana naye, nikafunga mwenyewe, na asubuhi nilikuta komeo limevutwa. Tukaibiwa jiko la gesi na sufuria mbili. Mama alisema aliyechukua sufuria alikuwa na njaa, na mlango si wa sufuria.

Kwetu mtu aliyepotea, hasa majini, haachwi hivyo. Linachumwa tunda la mwegea, lile refu, zito, la rangi ya udongo, ambalo Kijaluo huitwa yago. Linafungwa nguo kama maiti, linaliliwa na kuzikwa kama mtu, na wafiwa wanaweza kulala. Baba mdogo, aliyebaki mkubwa katika ukoo wetu, alikuja mara kadhaa kulizungumza jambo hilo. Alisema asipozikwa atakuwa anazunguka. Alisema pia, akinitazama mimi, kwamba tayari anazunguka, maana kila banda la video linampigia kelele. Mama alimjibu kwa adabu kwamba wakileta yago lao watalichemsha wale wenyewe.

Na kila alasiri mama alikwenda kwenye lile banda la sokoni. Waliifungua filamu ya fainali mara nyingi kwa sababu watu waliipenda, na pengine kwa sababu mwenye banda alimwonea haya mama kumkatalia. Nilimfuata siku moja. Alikaa benchi la mbele kati ya vijana, na walikuwa wamemwachia nafasi yake kama anavyoachiwa mtu kanisani. Sauti ya mwanawe ilipita katika vinywa vya watu wasio na nyuso. Ilipofika "Mama, fungua mlango, nakuja," aliitikia, "Uko wazi." Hakuna aliyecheka isipokuwa kaka, mle ndani ya spika. Kisha mpira ukarushwa, ukaganda, na mama akakaa anautazama mpaka wakazima. Nilimkasirikia kila mtu aliyekuwa mle ndani, hata yeye mama.

Wakati fulani nilikwenda Sirari kununua belo, na kwenye mgahawa televisheni ilikuwa inarudia fainali yenyewe, ya kweli, ya mwaka huo. Ilikuwa asubuhi, watu wanakula chapati, hakuna anayetazama. Bila sauti ya kaka sikuelewa chochote. Niliwaona watu wanakimbia, wanaanguka, wanasimama. Nilikumbuka tamthilia za Kimarekani tunazoangalia kwenye king'amuzi, jinsi siku ya fainali watu hukusanyika sebuleni na vyakula, ndugu waliogombana nao wanakuja, wote wamegeukia upande mmoja, na mechi yenyewe huoneshwi, unaona mwanga wake tu usoni mwao. Nikawaza kwamba sisi tunakaa hivyo msibani. Nilimwacha mhudumu na chai yangu nusu.

Baba mdogo alipanga siku. Alisema Jumamosi ataleta yago, mama akitaka asitake, kwa sababu maji yamekaa na mtoto wetu vya kutosha. Nilimweleza mama taratibu, nikitegemea matusi. Hakutukana. Alikuwa anapeta mchele, akasema bila kuniangalia, "Aliniambia akirudi nitauona mwisho. Mpira uko juu bado. Utamzikaje mtu ambaye mpira wake haujashuka?"

Nilianza kumwambia hiyo ni filamu tu. Ndipo nilipokumbuka Busawe. Ile diski nzima aliitafsiri kule, na mabanda mengi humrekodi mtafsiri anapofanya kazi ili wabaki na kopi. Nilimwambia mama nitaifuata. Akaweka ungo chini, akaingia ndani kubadili kanga. Sikuwa nimemwalika.

Tulipita darajani. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono, lakini mama aliuangalia mto kama anavyoangalia nyumba ya mtu anayemdai maneno, kisha akatazama mbele. Maji yalikuwa machache, ya kahawia, yametulia. Busawe tulimkuta mwenye banda akianika mahindi, mama wa makamo, Mkurya, mpole. Alipojua mimi ni nani na huyu ni nani, alishika mikono ya mama kwa mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo mama," na hakuiachia upesi. Alisema kopi anayo kwenye flashi. Aliifungua mara moja tu baada ya ile siku, akaizima.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Sio kwamba imeharibika, mwanangu. Utaona tu."

Alitundika blanketi dirishani, akawasha. Tulikuwa watatu kwenye mabenchi ya watu hamsini. Jua lilikuwa linawaka nje, nililiona kwenye matundu ya bati. Picha ilipoanza, nilisikia mvua, nikainua macho juu kabla ya kuelewa. Mvua ilikuwa ndani ya flashi. Ilikuwa ile ya siku ile, imerekodiwa ikipiga bati hilohilo lililokuwa juu yetu, na kaka anapaza sauti ili aishinde. Filamu nzima ilikuwa hivyo. Uwanjani kwao theluji inaanguka kimyakimya, na kwetu mvua inapiga, maji yanayokwenda mtoni kumsubiri, na yeye anatania askari wa hifadhi. Nilitaka kumwambia asiondoke. Najua nilivyo, mimi si mtu wa mambo hayo, lakini nilitaka kuinuka nimwambie azungukie darajani.

Wakaingia iritongo. Kocha akazungumza na waliotangulia. Kijana akavua kofia. "Mama, fungua mlango, nakuja." Mama akaitikia, "Uko wazi," na mwenye banda akageuka kumtazama. Mpira ukarushwa. Ukapanda juu ya taa, vichwa vikainuka, nikashika benchi nikingoja ugande.

Haukuganda. Ulishuka. Ulichukua muda mrefu kushuka, na kaka hakutafsiri kitu, mvua tu ndiyo ilisikika. Yule kijana aliukumbatia kifuani, akaangushwa, akasimama, akakimbia, mmoja akamshika mguu akamburuta naye, akaanguka ndani ya mstari, bomani, ndama chini ya kifua chake. Uwanja mzima uliruka. Nilimsubiri kaka aruke nao, maana kwa ushindi alikuwa hana simile. Alivuta pumzi, akasema polepole, karibu sana na maiki, "Mama, asechopo."

Hicho ni Kijaluo. Maana yake nimefika. Katika kazi yake yote sikuwahi kumsikia akitia Kijaluo, hata neno moja, na pale Busawe hapakuwa na wa kumwelewa. Baada ya hapo hakusema tena. Majina ya waigizaji yalipanda, muziki ukapigwa, na ile kauli yake ya kufungia, "Washeni taa tuonane," haikuja. Mvua ilinyesha mpaka flashi ikaisha.

Mwenye banda alisema kwa sauti ya chini, "Hapo ndipo palinishinda. Tuliulizana amesema nini. Tulidhani ni neno la Wamarekani."

Mama alikuwa ameshasimama. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye ile televisheni tupu, kama anavyofanya mtu aliye ndani akisikia hodi, akasema, "Donji, wuoda." Karibu ndani, mwanangu. Kisha akajifunga kanga upya na kuniambia nimpigie baba mdogo, alete yago. Mwenye banda alilia kabla yetu.

Jumamosi tulimzika kando ya baba. Yago lilikuwa kubwa, la kahawia, limechongoka pande mbili, na nilipoliona tu nililijua. Nilikuwa nimeliona likipanda juu ya taa mara nyingi. Nilileta fulana yangu, ile iliyobaki, ya ubingwa wa timu iliyofungwa, na baba mdogo akalifunga nayo chini ya sanda. Alipotaka kulibeba, mama alimpokonya. Alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kichwa chini, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, na wanaume wakampisha, mpaka kaburini. Hakuna aliyethubutu kumsaidia kuliweka.

Wageni walianza kuondoka jua likiwa juu bado. Nilikuwa naosha vyombo uani niliposikia sauti niliyoisahau, chuma kikisugua chuma. Nilikwenda kuangalia. Mama alikuwa amefunga mlango wa mbele na anasukuma komeo, limeshika kutu, analisukuma kwa kiganja mpaka likaingia lote. Nikamwambia mama, bado mchana, watu watapita kutoa pole. Akasema wapitie uani.

Nilibaki pale mlangoni baada ya yeye kwenda kulala. Mimi niliyegombania lile komeo mwaka mzima nililishika, na nilikuwa nataka kulivuta, mlango ubaki wazi.